Nairobi hadi New York: Vidokezo vya Kuhesabu Safari Yako

Tangu Oktoba 28, 2018, Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, safari hii imekuwa ya usiku mmoja. Hata hivyo, saa zake bado zinawachanganya wasafiri na wanaokwenda kuwapokea.

1. Anza na umbali. Miji hii imetengana kwa takriban kilomita 11,800. Ndege kubwa ikishatulia angani hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo hesabu inatoa saa 13 na dakika chache. Ratiba ya safari ya moja kwa moja hukaribia saa 15 kwenda na 14 kurudi, kwa sababu ndege hutembea uwanjani kabla ya kuruka, hupanda na kushuka kwa mwendo mdogo, tena hupambana na upepo.

2. Upepo ndio unaotofautisha kwenda na kurudi. Juu ya Atlantiki ya kaskazini mkondo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa miezi ya baridi. Ukienda unakukabili, ukirudi unakusukuma.

3. Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Dunia ni mviringo, na njia fupi kutoka Nairobi huelekea kaskazini-magharibi, ikavuka Sahara, ikatokea baharini upande wa Moroko na kupita karibu na visiwa vya Azores.

4. Usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme ni Januari: umeondoka Nairobi saa 5:30 usiku, ukatua New York saa 12:30 asubuhi. Inaonekana ni saa 7 tu! Ongeza tofauti ya saa 8, upate 15. Kurudi, ukiondoka saa 6:30 mchana unafika saa 4:30 asubuhi ya kesho yake. Utadhani ni saa 22, kumbe ni 14. Wamarekani husogeza saa zao mbele Machi na kuzirudisha Novemba, hivyo katikati ya mwaka tofauti hupungua kuwa saa 7. Saa za Kenya hazibadiliki.

5. Ukiunganisha ndege, tazama ramani kabla ya bei. Kupitia Amsterdam jumla ni kama kilomita 12,500, nyongeza ndogo sana. Kupitia Dubai unaanza kwa kurudi mashariki, na jumla inapita kilomita 14,500. Nauli ikiwa nafuu kweli, nenda, lakini ujue umenunua na saa za ziada angani. Mapumziko yasiyofika saa mbili mimi siyapendi: ndege ya kwanza ikichelewa kidogo tu, ya pili imekuacha.

6. Kunywa maji, na inuka utembee kila baada ya muda. Miguu haikuumbwa kukunjwa usiku kucha.

7. Chunga ndege za baada ya saa sita usiku. Tiketi ikisema Juni 12, 00:45, hiyo ni saa 6:45 usiku, na unatakiwa uwe uwanjani jioni ya Juni 11. Ukienda jioni ya tarehe 12 utakuta ndege iliondoka zamani. Basi isome tarehe mara mbili, kisha mtumie anayekupokea tarehe na saa ya kufika kwa saa za kwao.