Skrini Iliyolala na Umeme Inaokula

Watu wengi hudhani kwamba skrini ya kompyuta ikishazimika uso na kubaki na kitaa kidogo cha rangi ya machungwa, basi imekwisha kuzimwa. Sivyo. Skrini hiyo imelala tu. Yangoja kuamshwa, na katika kungoja kwake yaendelea kula umeme. Suala ni: yala kiasi gani, na hasara humfika nani?

Kwanza tupambanue hali tatu. Skrini bapa ya kawaida ikiwaka hula kama wati 20. Ikilala hula nusu wati au wati 1. Ikichomolewa katika soketi haili kitu. Zile skrini za zamani zenye mgongo mkubwa zilikuwa zikila wati kadhaa hata katika usingizi wake. Ndiyo maana mwaka 1999 Wakala wa Nishati wa Kimataifa ulipendekeza kila kifaa kilicholala kisizidi wati 1, na tangu 2013 Umoja wa Ulaya umeweka mpaka wa nusu wati kwa vifaa vingi. Ama zile picha zichezazo juu ya skrini wakati haitumiwi, hizo hazipunguzi kitu, kwa kuwa skrini ingali inawaka.

Sasa tutoe mfano wa darasa lenye skrini 20, lifungwalo saa 11 jioni na kufunguliwa saa 1 asubuhi, yaani saa 14. Zikiachwa zinawaka, zitakula uniti 5.6 kwa usiku mmoja. Zikilala kwa nusu wati, uniti 0.14 tu. Basi ajabu ni ya mtu akemeaye kitaa kidogo, na huku ameacha skrini nzima inawaka. Kubwa litangulie, dogo lifuate.

Walakini mtu wa Mombasa asiseme kwamba hilo dogo si kitu. Na atazame Turkana. Bwawa la Turkwel lilikamilika mwaka 1991, lina mashine za megawati 106, na mto wake wapita Lodwar. Lakini umeme wake ulivutwa kusini mpaka Lessos, na Lodwar kwa miaka mingi ikategemea jenereta za dizeli, mafuta yakisafirishwa kwa malori katika jangwa. Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu 1992, na Kalobeyei iliyofunguliwa 2016, nyumba na maduka mengi yamepata mwanga kwa jenereta za watu binafsi au kwa nguvu za jua.

Palipo na paneli na betri, pana jambo ambalo wengi hawalitambui. Skrini haiwezi kulala pasipo inveta kukesha, maana ndiyo igeuzayo umeme wa betri kuwa umeme wa soketi. Na inveta nayo yataka chakula chake hata ikiwa haina kazi. Tuchukue kuwa yala wati 15. Kwa saa 14 ni wati-saa 210; ongeza 140 za zile skrini 20, jumla 350. Kiasi hicho kingewasha taa 10 za wati 5 kwa muda wa saa 7. Taa hizo ni za watoto wasomao usiku, na betri iliyonyonywa hivyo kila usiku hufa mapema, na kununua nyingine si jambo jepesi.

Basi yatupasa haya: skrini isiachwe inawaka bila mtu, kompyuta ipangwe ilaze skrini baada ya dakika 5 au 10, na kazi ikiisha, swichi ya ukutani izimwe, na penye betri inveta izimwe pia, ikiwa hakuna friji ya dawa au kitu kingine kiitegemeacho.

Na umeme wa madrasa, shule au ofisi ni amana. Aachaye skrini inawaka hapo hapotezi mali yake, bali ya wenzake. Israfu haipimwi kwa ukubwa wa kitu kilichopotea tu. Hupimwa pia kwa haja ya yule aliyekikosa.