Mali Bila Daftari
(Somo la Uraia)

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii twaijua sote, na wengi wetu tumekwisha kuiandikia insha. Lakini hapa Uganda lilitokea jambo lililoonyesha kwamba methali hii yahitaji kuongezewa neno. Fedha za shule zetu za msingi zilikuwa na daftari, na hata hivyo zilipotea. Katika somo hili tutaona zilivyopotea, na kisha namna zilivyorudi.

1. Safari ya shilingi

Serikali ya wilaya hukusanya kodi na ada zake yenyewe, lakini hizo hazitoshi. Sehemu kubwa ya fedha zake hutoka Serikali Kuu, nazo huitwa ruzuku. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Baraza la wilaya hupitisha makadirio, yaani hesabu ya fedha zinazotazamiwa kupatikana na kazi zitakazofanywa kwa fedha hizo.

Ruzuku ya shule ya msingi huhesabiwa kwa idadi ya wanafunzi. Katika miaka ya 1991 hadi 1995 ruzuku hiyo ilitoka Kampala, ikapitia ofisi za wilaya, ndipo ifike shuleni. Njia ilikuwa ndefu, na mwenye mali alikuwa mbali.

2. Madaftari mawili

Mwaka 1996 ulifanywa uchunguzi katika shule 250 za wilaya 18, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza: walichukua daftari la Serikali Kuu lililoonyesha fedha zilizotoka, wakachukua na vitabu vya shule vilivyoonyesha fedha zilizoingia, wakavilinganisha.

Jibu lilikuwa la kusikitisha. Kwa wastani wa miaka ile mitano, katika kila shilingi 100 za ruzuku zilizotumwa, shilingi 13 tu ndizo zilizofika. Shule nyingi hazikupata hata senti moja. Wakati huohuo wazazi walikuwa wakibeba sehemu kubwa ya gharama za shule kwa michango yao, wala hawakujua kwamba kulikuwa na fedha zilizotengwa kwa ajili ya watoto wao. Tena shule zenye wazazi wenye uwezo zilipata zaidi kuliko shule za maskini, maana wenye uwezo walijua pa kwenda kudai.

Sasa, msomaji, angalia jambo moja. Mishahara ya walimu haikupotea kwa kiasi hicho. Kwa nini? Kila mwalimu alijua mshahara wake ni kiasi gani, na mwisho wa mwezi ukipungua alipiga kelele. Ruzuku ya shule haikuwa na wa kuipigia kelele, kwa kuwa wenyewe hawakuijua. Basi daftari lilikuwapo, ila lilikuwa limefungwa.

3. Daftari lafunguliwa

Baada ya hapo Serikali ilianza kutangaza magazetini fedha zilizotumwa kila mwezi kwa kila wilaya. Kisha ikaagiza kwamba shule nazo zibandike tangazo mahali pa wazi, kuonyesha fedha zilizopokelewa. Kufika mwaka 2001, zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zikifika shuleni. Shule zilizokuwa karibu na mahali magazeti yanapouzwa ziliendelea vizuri zaidi kuliko zile za mbali.

Lakini tusidhani kwamba gazeti peke yake lilifanya kazi yote. Wataalamu wengine wameonyesha kwamba wakati uleule Serikali ilikaza usimamizi wa fedha, na mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ulioanza mwaka 1997, ulifanya watu wengi wafuatilie mambo ya shule. Tangazo ni kama taa: huonyesha shimo, halilifukii.

4. Jinsi ya kusoma tangazo

Katika tangazo la fedha tafuta hesabu tatu: iliyokadiriwa, iliyopokelewa, na iliyotumika. Tuchukue mfano wa kubuni. Shule ina wanafunzi 500, na kila mmoja amekadiriwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Makadirio ni shilingi 5,000,000. Muhula wa kwanza zilifika 1,600,000, wa pili 1,600,000, na wa tatu 1,100,000. Jumla ni 4,300,000. Upungufu ni 700,000, yaani asilimia 14.

Je, kuna mwizi? Hatujui bado. Uliza kwanza shule za jirani. Ikiwa zote zimepungukiwa kwa kadiri ileile, huenda sababu iko juu. Ikiwa ni shule yenu peke yake, sababu yapaswa kutafutwa karibu. Kisha tazama zile 4,300,000 zilivyotumika. Risiti ikisema madawati 20, nenda ukayahesabu madawati.

5. Haki ya kuuliza

Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 41, humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, isipokuwa zile zinazoweza kudhuru usalama wa nchi au siri za mtu binafsi. Sheria ya mwaka 2005 ikaeleza utaratibu wa kuziomba. Hesabu za wilaya hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na wilaya ina kamati ya kuzichungua taarifa za ukaguzi.

Hata hivyo sheria haina miguu ya kwenda ofisini. Ni sisi tunaopaswa kwenda, tena kwa adabu. Kuuliza si kushtaki, na karani mwaminifu hufurahi kuulizwa, maana ndipo uaminifu wake unapoonekana. Nanyi wanafunzi wa zamani, ambao baadhi yenu sasa ni waweka hazina, madiwani na wajumbe wa kamati za shule, kazi yenu ni kulibandika tangazo kabla hamjaulizwa, tena kwa lugha ambayo mzazi wa kijijini aweza kuisoma.

Basi, tukiirudia methali yetu, tuongeze hivi: na mali yenye daftari lililofungwa hupotea vilevile.

Maswali

1. Kwa nini mishahara ya walimu haikupotea kama ruzuku za shule?
2. Shule ilikadiriwa shilingi 3,600,000, ikapokea 2,700,000. Upungufu ni asilimia ngapi? Utamwuliza nani kwanza, na kwa maneno gani?
3. Nenda katika shule ya msingi iliyo karibu na kwenu. Je, tangazo la fedha limebandikwa? Ni la tarehe gani?