SOMO: NYWILA SAHIHI INAPOKATALIWA
Mpangilio wa kibodi na matumizi ya kompyuta pepe ndani ya kivinjari



Huduma nyingi ambazo zamani zilidai safari ya Korogwe mjini, Tanga au Dar es Salaam siku hizi huombwa kwa njia ya mtandao. Maombi ya ajira serikalini hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mikopo ya elimu ya juu huombwa Bodi ya Mikopo. Vyeti vya kuzaliwa huombwa RITA. Na majina ya biashara husajiliwa BRELA. Mifumo hii ina mlango wa namna moja: jina la mtumiaji na nywila, yaani neno la siri. Mlango huo ukikataa kufunguka siku ya mwisho ya maombi, nafasi hupotea.

Mwombaji huweza kuikumbuka nywila yake vizuri, akaiandika kwa uangalifu, na bado ikakataliwa. Hurudia mara ya pili na ya tatu, mpaka akaunti ifungwe. Wakati mwingine kosa si la kumbukumbu yake wala la mfumo, bali ni la mpangilio wa kibodi. Somo hili linaeleza namna ya kulitambua kosa hilo na kuliondoa.

Kitufe hakipeleki herufi

Kitufe cha kibodi hakipeleki ile herufi iliyochapwa juu yake. Hupeleka alama ya mahali kilipo, kisha kompyuta huamua mahali hapo pana herufi gani kwa kufuata mpangilio uliowekwa ndani yake. Mpangilio ukiwa tofauti na maandishi ya vitufe, unaona hiki na kompyuta inaandika kile.

Mpangilio tuliouzoea huitwa QWERTY, kwa herufi sita za kwanza za safu ya juu. Ulianzia kwenye taipureta za Marekani za miaka ya 1870, kazi ya Christopher Latham Sholes. Lakini hata QWERTY yenyewe si moja. Katika ile ya Marekani, Shift na 2 hutoa @, katika ile ya Uingereza hutoa alama ya kunukuu ("). Shift na 3 hutoa # Marekani, na £ Uingereza. Wajerumani wamebadilishana nafasi za Y na Z. Wafaransa hutumia AZERTY: A imekaa mahali pa Q, Z mahali pa W, M imehamia kando ya L, na tarakimu za safu ya juu hutoka tu ukishika Shift. Mwenye kuandika namba ya NIDA yenye tarakimu 20 katika mpangilio huo bila kujua ataona alama ngeni tupu.

Kompyuta iliyotumika Ulaya kabla ya kuuzwa huku huweza kuja na mpangilio wa huko. Pia mpangilio hubadilika kwa bahati mbaya, mtu anapobonyeza Alt na Shift kwa pamoja kwenye Windows yenye mipangilio zaidi ya mmoja.

Kompyuta mbili, mipangilio miwili

Vijana wanaojifunza kompyuta kwa njia ya mtandao hukutana na jambo hili kwa ugumu zaidi, kwa sababu hutumia kompyuta pepe. Hiyo ni kompyuta isiyoshikika, iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta kubwa iliyo mbali. Skrini yake huonekana ndani ya kivinjari, kama vile Chrome au Firefox.

Hapo kuna mipangilio miwili: wa kompyuta iliyo mbele yako na wa ile ya mbali. Ni kama kumpigia simu mtunza ghala na kumwambia, "Nipe gunia la tatu kutoka mlangoni." Kwako la tatu ni mahindi, kwake, aliyepanga ghala lake vingine, la tatu ni maharage. Atatii agizo lako, nawe utapata usichokiomba. Dawa yake ni kuzifanya kompyuta zote mbili zifuate mpangilio mmoja.

Kipimo cha mstari mmoja

Kabla ya kuandika nywila, fungua mahali ambapo maandishi huonekana, kama vile Notepad, uandike mstari huu kwa kufuata herufi zilizochapwa kwenye vitufe:

Mzee Yahya wa Mpale ana ng'ombe 2 @ #

1. Mstari ukitoka kama ulivyo, mpangilio ni sahihi.
2. Penye @ pakitokea alama ya kunukuu, na penye # pakitokea £, vitufe ni vya Marekani na mpangilio ni wa Uingereza.
3. Ukianza na "Myee Zahza", na vitufe ni vya QWERTY, mpangilio ni wa Kijerumani.
4. Ukianza na "?wee Yqhyq zq ?pqle", mpangilio ni wa Kifaransa.

Kwenye kompyuta pepe, fanya kipimo hiki ndani yake, si nje tu.

Namna ya kurekebisha

1. Tazama pembe ya chini kulia ya skrini ya Windows. Ikiwa kuna mipangilio zaidi ya mmoja, utaona maandishi kama ENG US au ENG UK. Shika kitufe cha Windows ubonyeze kitufe cha nafasi ili kuubadilisha.
2. Ingia katika mipangilio ya kompyuta pepe, uchague mpangilio uleule.
3. Rudia kipimo. Mstari ukitoka sawa, ndipo uandike nywila.
4. Usibonyeze Ctrl na W ukiwa ndani ya kompyuta pepe: kivinjari huweza kufunga ukurasa wako wote.

Unapotunga nywila mpya, ifanye ndefu. Mfumo ukidai alama maalumu, chagua !, $ au %, kwa kuwa hizo zimekaa mahali pamoja katika mipangilio ya Marekani na Uingereza. Alama za @ na # ni miongoni mwa zinazohama.

Tahadhari

Usijaribu nywila yako mahali panapoonekana na watu. Mstari wa kipimo umewekwa kwa ajili hiyo. Usimtajie mhudumu wa duka la intaneti nywila yako, hata akiwa anakusaidia kwa nia njema; mwombe arekebishe kibodi, nawe uandike mwenyewe. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kabla ya kuondoka kitini.

Zaidi ya yote, nywila ikikataliwa mara ya kwanza, usiirudie kwa haraka. Simama, andika mstari wa Mzee Yahya, usome kilichotokea. Dakika moja ya kupima huweza kukuepusha na akaunti iliyofungwa siku ya mwisho ya maombi.