Moto Umezimwa, Msaada Ufike Vipi?

Moto wa nyika ukishazimwa, kazi nyingine huanza: kuhakikisha aliyeunguliwa anapata anachohitaji, kwa wakati ufaao.

Mkaazi, hebu tutazame yaliyotokea katika jimbo la Victoria, Australia. Tarehe 7 Februari 2009, moto uliwaua watu 173 na kuteketeza zaidi ya nyumba 2,000. Wananchi walichanga kwa moyo mkunjufu, hadi michango ikawa mzigo. Bidhaa zilizidi paleti 40,000, yaani yale majukwaa ya mbao ya kupangia shehena, na zikachukua nafasi ya zaidi ya mita mraba 50,000. Kuzihifadhi, kuzisafirisha na kuwalipa wafanyakazi kuligharimu zaidi ya dola milioni 8 za nchi hiyo. Gunia la nguo ambalo hakuna aliyeliomba bado linataka lori, ghala na mtu wa kulichambua.

Wakati huo wafugaji walikuwa wanalilia ua. Nyua za mashamba ziliteketea, mifugo ikawa haina pa kuzuiliwa. Familia moja ya wafugaji wa kondoo huko Kilmore East ilisaidiwa na watu wa kujitolea kujenga ua wake upya, kisha ikaanzisha BlazeAid, shirika linalowajengea wengine hadi leo.

Kwetu, moto ukipita malishoni, hitaji la kwanza huenda likawa marobota ya nyasi na maji. Unga ni muhimu, lakini ng'ombe hali ugali.

Ndiyo maana orodha ya mahitaji hutangulia lori. Chifu na wazee wa Nyumba Kumi wanajua ni boma lipi limeungua na ni mifugo mingapi imesalia. Orodha iwe moja na kituo cha kupokelea kiwe kimoja. Kila kinachoingia na kutoka kiandikwe, na anayepokea atie sahihi. Chakula kinachokaribia kuharibika kitolewe kwanza. Pale maduka yanapofanya kazi, pesa kwa simu ni nafuu kuliko mizigo: familia hujichagulia, na mwenye duka naye huinuka. Lori likikwama barabarani, pikipiki na punda ziwe zimepangwa mapema, si kutafutwa mvua ikinyesha.

Kabla ya kutuma mchango wako, uliza ofisi ya msimamizi wa wadi ni nini kimepungua leo. Orodha ya juzi huenda imeshapitwa na wakati.