Pikapu ya Parokia: Springi, Rimu na Matairi Yanayofaa Njia Zetu

Somo la robo hii kwa kamati za parokia na wafadhili



Kamati inapokaa kujadili usafiri, mazungumzo huwa ni ya kununua gari. Gari likishapatikana linakuja swali la pili: tuliinue? Dereva anasema linagonga chini njia ya kigangoni. Mjumbe mmoja ameona pikapu iliyoinuliwa yenye matairi makubwa, anasema na yetu iwe hivyo. Mtunza hazina anauliza fedha zitatoka wapi. Wote watatu wana hoja. Somo hili linataka kuwasaidia mfikie uamuzi mmoja, mnaoweza kuueleza bila wasiwasi mbele ya waamini na mbele ya waliotoa fedha.

Neno kuu la somo ni hili: gari la kazi huandaliwa kwa kufuata mzigo linaobeba na njia linayopita. Urefu hufikiriwa mwishoni, nao uwe mdogo.

1. Tuzijue njia zetu

Kwa parokia za pembezoni mwa Dar es Salaam, sehemu kubwa ya safari ni lami. Anayetoka Mbagala hufuata Barabara ya Kilwa. Anayetoka Bunju hufuata Barabara ya Bagamoyo. Barabara kadhaa za mitaa nazo zimewekwa lami miaka ya karibuni. Shida iko kwenye kilomita chache za mwisho.

Shida hiyo haifanani kila mahali. Chamazi, Mbande na Kigamboni, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Temeke, tatizo kubwa ni mchanga. Upande wa Mabwepande, na Goba iliyokuwa zamani katika Wilaya ya Kinondoni, kuna vilima. Mvua ikinyesha udongo huteleza na maji huchimba makorongo katikati ya njia. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba, njia iliyopitika juzi huenda leo isipitike.

Kwa hiyo kabla ya kumwona fundi, dereva aandike kwenye daftari kwa majuma mawili: kilomita za lami, za mchanga na za tope, mzigo aliobeba, idadi ya watu, na kila mahali gari lilipogonga chini, ni sehemu gani ya gari iliyogonga. Jambo hili la mwisho ndilo litakaloamua mengi.

2. Tupime mzigo

Pikapu nyingi tulizo nazo huitwa za tani moja. Maana yake ni kwamba kila kinachoingia ndani yake, dereva na abiria wakiwemo, kisizidi takriban kilo 1,000. Kiwango kamili kimeandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kibati chake.

Tufanye hesabu. Mfuko wa saruji una kilo 50. Mifuko 20 ni kilo 1,000, na bado dereva hajapanda. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni kilo 1,000 za maji, mbali na tangi lenyewe. Tangi lililojaa nusu ni jepesi, lakini maji hucheza huku na huku na kulisukuma gari kwenye kona.

Wengi hudhani kwamba ukiweka springi ngumu umeongeza uwezo wa gari. Sivyo. Springi ngumu huzuia gari lisiiname nyuma, lakini breki, ekseli, beringi na chesisi hubaki na uwezo ule ule wa kiwandani. Gari lisiloinama huwadanganya watu kwamba halijazidishiwa mzigo.

Watengenezaji wa springi huziuza kwa madaraja kufuatana na uzito ambao gari hubeba siku zote. Chagueni kwa uzito wa kila siku, si wa siku moja ya mwaka. Springi ya mzigo mzito kwenye gari linalokwenda tupu hulifanya liruke kwenye matuta, na gurudumu linaloruka halishiki barabara wala halifungi breki vizuri.

3. Kuinua kunafanya nini, na hakufanyi nini

Pikapu nyingi zina ekseli nzima nyuma, na katikati yake kuna difu. Ekseli hiyo imebebwa na magurudumu, si na springi. Ukiinua springi, bodi na chesisi hupanda, lakini difu hubaki pale pale. Kinachoinua difu ni tairi refu zaidi, tena kwa nusu tu ya urefu ulioongezeka.

Sasa rudini kwenye daftari la dereva. Kama kinachogonga ni difu, kuinua springi hakutasaidia hata kidogo. Kama kinachogonga ni pembe ya bampa la nyuma, ngazi ya pembeni au tangi la mafuta, kuinua kidogo kunaweza kusaidia. Na kama gari hugonga pale tu linapojaza mzigo, huenda springi zimechoka, na dawa yake ni springi mpya za kimo cha kawaida.

Kuinua kuna gharama yake. Uzito wa gari unapanda juu, na gari lenye uzito juu hupinduka kwa urahisi zaidi. Hili ni jambo zito kwetu, kwa sababu pikapu za parokia hubeba wanakwaya, wagonjwa na wafiwa. Watu waliokaa au kusimama nyuma tayari wanaupandisha uzito juu. Wanaokaa nyuma bila mikanda ndio wanaorushwa nje ajali ikitokea. Parokia inayosafirisha watu mara kwa mara itafute gari lenye viti. Hakuna springi itakayoifanya karai ya pikapu kuwa mahali salama pa abiria.

Ushauri wetu: kama lazima kuinua, isizidi milimita 40 hadi 50, yaani kama inchi mbili, kwa kutumia springi na shokapu zilizotengenezwa kwenda pamoja kwa aina ya gari lenu. Kataeni vipande vya chuma vilivyochomelewa mtaani ili kurefusha vishikio vya springi. Kataeni pia kuongeza pleti za springi bila kubadili shokapu.

Tena, gari lililoinuliwa halina kibali cha kuvuka mafuriko. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kuchukua magari mengi, pikapu zikiwemo. Wakazi wa mabondeni waliohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wanajua nguvu ya maji. Mto ukijaa, dereva asubiri, na mwenyekiti asimlaumu kwa kuchelewa.

4. Matairi

Kama fedha inatosha jambo moja tu, iwe matairi mazuri. Ndiyo yanayogusa barabara.

Somo la kusoma tairi. Tuchukue 265/70R16. Namba 265 ni upana kwa milimita. Namba 70 inaonyesha kuwa kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, yaani radiali. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Baada ya hapo huja namba ya uzito: 112 maana yake tairi moja hubeba kilo 1,120. Msinunue tairi lenye namba ya uzito iliyo chini ya ile ya kiwandani, hata kama ni pana na linapendeza.

Tafuteni pia tarakimu nne za tarehe. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira wake umezeeka na kupasuka nyufa ndogo ubavuni. Likipita miaka mitano likaguliwe kila mwaka. Likifika kumi litupwe.

Kuhusu aina: yenye alama H/T ni ya lami, A/T ni ya mchanganyiko, M/T ni ya tope. Matairi ya tope huvutia macho, lakini kwenye lami iliyolowa hushika vibaya zaidi, huisha upesi, hupiga kelele, na kwenye mchanga mlaini huchimba shimo. Kwa parokia ambayo safari zake nyingi ni za lami, A/T inatosha.

Kuhusu ukubwa: kutoka 265/70R16 kwenda 265/75R16, kipenyo huongezeka kwa milimita 26 hivi, na difu hupanda milimita 13. Spidimita ikisoma 80, gari linakwenda karibu 83. Mkienda 285/75R16, difu hupanda milimita 28, lakini spidimita ikisoma 80 mwendo halisi ni karibu 86. Injini hulemewa, mafuta huongezeka, breki hupata kazi zaidi, na tairi huweza kusugua bodi mkikata kona. Hatua ya kwanza inavumilika kwa magari mengi. Ya pili si ya gari la parokia.

Kwa mchanga, dawa ya kwanza haiuzwi dukani: punguzeni upepo. Tairi la psi 32 likishushwa hadi 18 au 20 hutanuka na kupita juu ya mchanga. Endesheni polepole, bila kukata kona ghafla, na jazeni upepo tena kabla ya kurudi kwenye lami. Pampu ndogo na geji ni bei ndogo kuliko rimu moja.

5. Rimu

Rimu za chuma hazina mbwembwe, lakini zikipinda kidogo fundi anaweza kuzinyoosha. Za aloi ni nyepesi, ila zikipata pigo kubwa huweza kupasuka. Hakikisheni idadi ya nati na nafasi kati yake vinalingana na gari. Hilux nyingi zenye 4WD zina nati sita kwenye duara la milimita 139.7. Epukeni rimu zinazotokeza nje ya bodi, na spesa za kutanua magurudumu: huongeza mzigo kwenye beringi na kurusha mawe kwa watembea kwa miguu.

6. Siku ya kupokea gari kwa fundi

Mjumbe mmoja aende na dereva, na wakague haya kabla ya kulipa:

- Mipira ya breki haivutwi stelingi inapokatwa hadi mwisho, wala ekseli inaponing'inia.
- Kama gari lina kifaa cha kupunguza breki za nyuma kufuatana na mzigo, kimerekebishwa upya.
- Alaimenti imepimwa na cheti kimetolewa.
- Taa za mbele zimeshushwa zisiwapofushe wengine.
- Tairi la akiba lina ukubwa sawa na mengine, na jeki inafika kimo kipya.
- Nati na yubolti zimekazwa, na zitakazwa tena baada ya kilomita 500.
- Kampuni ya bima imearifiwa kwa maandishi.

7. Neno kwa wafadhili na watunza hazina

Gari jipya hupigwa picha siku ya kukabidhiwa. Tairi halipigwi picha, na ndiyo maana bajeti nyingi hulisahau. Tunawaomba wafadhili wanaochangia gari wakubali mstari wa bajeti wa matairi, shokapu na bushi kwa miaka mitatu ya kwanza. Nazo kamati ziweke akiba kidogo kila mwezi kwa kila kilomita iliyosafiriwa, na zioneshe hesabu hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika safari zetu za mwezi uliopita, kilomita ngapi zilikuwa za lami na ngapi za mchanga au tope?
2. Ni sehemu gani ya gari letu hugonga chini, na je, ni tairi, springi au mzigo unaohitaji kurekebishwa?
3. Matairi yetu yalitengenezwa mwaka gani? Nani aliyasoma?
4. Nani ana mamlaka ya kusema "leo gari haliendi", na je, tunamheshimu akisema hivyo?

Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao kabla ya fundi yeyote kuitwa.