Dondoo muhimu: Picha ya tovuti, faili gani?

Anayefungua tovuti yako kwa simu anailipia kila picha kwa bando lake. Chagua aina ya faili kabla hujapakia.

Picha za kamera, ziwe za watu, vyakula au mandhari, zihifadhi kwa JPEG. Aina hii, iliyotoka mwaka 1992, hupunguza uzito kwa kutupa taarifa ambazo jicho halizioni kwa urahisi. Kwa kawaida ubora wa 75 hadi 85 unatosha. Ila kila ukiihariri na kuihifadhi upya inapoteza kitu tena, kwa hiyo tunza nakala ya awali pembeni.

Nembo usiiweke kwenye JPEG hata siku moja. Kingo za herufi hujaa madoa, na usuli uliotaka usionekane hugeuka mweupe. Nembo ni ya SVG: huchorwa kwa maelekezo ya mistari, hivyo hubaki safi hata ukiikuza mara kumi. Ukikosa SVG tumia PNG, isiyotupa chochote. Picha za skrini nazo ni za PNG.

GIF ina rangi 256 tu; iachie vikatuni vidogo vinavyocheza.

WebP, iliyotolewa na Google mwaka 2010, hufanya kazi za JPEG na PNG kwa faili dogo zaidi, na vivinjari vyote vikubwa vya sasa vinaisoma.

Vipimo navyo vipunguze: picha ya pikseli 4000 kwenye nafasi ya pikseli 800 ni mzigo, iwe ya aina yoyote. Leo hii fungua tovuti yako kwa simu, kwa bando lako mwenyewe, uone inachukua muda gani.