Karatasi Nyeupe na Ubao Mweusi: Vipindi vya Mwanzo vya Kamera ya Dijitali

Chuo kinapopata kamera mpya ya dijitali, aghalabu mambo huenda hivi. Mkufunzi hufungua sanduku mbele ya wanachuo, hutaja sehemu za kamera moja baada ya nyingine, huandika majina yake ubaoni, nao hunakili. Kengele hulia kabla hata mmoja wao hajapiga picha. Baadaye kamera hutolewa kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha, gurudumu lake likiwa limewekwa kwenye alama ya kujiendesha yenyewe, na picha zinazorudi huonyesha madirisha yaliyotoka vema, kuta zinazoonekana, na watoto wasio na nyuso.

Mtoto aliketi kati ya kamera na dirisha. Dirisha likapata nuru ya kutosha, naye akawa kivuli. Picha hiyo ndiyo itakayobandikwa katika faili la mazoezi au ukutani mwa darasa, na wenzake watamtambua kwa kola ya shati tu. Mwanachuo akiulizwa hujibu kuwa kamera ni mbovu au, lililo baya zaidi, kwamba watoto wetu ni weusi mno kwa kamera. Jibu hili la pili halina budi kusahihishwa mapema. Si la kweli, na mwalimu atakayeondoka chuoni akiliamini atalipeleka mbele ya watoto wenyewe.

Kwa hiyo basi, tunapendekeza kipindi cha kwanza kisianze na majina ya sehemu za kamera, bali kianze na kosa hilo, na kitumie vitu viwili ambavyo hakuna darasa lisilokuwa navyo: karatasi nyeupe na ubao mweusi.

Matayarisho ni machache. Betri ijazwe umeme usiku uliotangulia, kadi ya kumbukumbu iwe ndani, na gurudumu liwekwe kwenye P. Katika alama hiyo kamera bado hupima nuru yenyewe, lakini hukubali kusahihishwa. Kwenye alama ya kujiendesha kabisa, kamera nyingi hazikubali. Taa ya flashi izimwe. Ubao na karatasi viwe katika nuru ya namna moja, mathalan upande wa darasa usiopigwa na jua. Tena yafaa kuchora msalaba mdogo kwa chaki ubaoni na mwingine kwa kalamu katika karatasi, kwa maana lenzi hutafuta mstari wa kushika ili ilenge sawasawa, na mahali patupu huhangaika bila kupiga.

Sasa mwanachuo mmoja apige picha ya karatasi, ikijaza fremu yote. Kisha apige ubao vivyo hivyo. Kabla picha hazijaonyeshwa, darasa litabiri: ya kwanza itakuwa ya rangi gani, na ya pili je? Utabiri uandikwe. Tumeona kuwa karibu wote husema nyeupe na nyeusi, na wengine hucheka kwa kuulizwa jambo la wazi namna hiyo. Ndipo picha zionyeshwe. Karatasi imetoka kijivu. Ubao nao umetoka kijivu, au karibu na kijivu, hata mtu asiyekuwapo atashindwa kujua ipi ni ipi isipokuwa kwa ule msalaba.

Hapo mwalimu asiharakishe kueleza. Aliache darasa libishane. Kisha aeleze kuwa kipimo cha nuru kilichomo ndani ya kamera hakijui karatasi wala ubao. Hupokea nuru inayorudi kutoka kwenye vitu, na kimeundwa kudhani kuwa vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, hurudisha nuru ya wastani kama kitu cha kijivu. Wapigapicha wamezoea kuutaja wastani huo kuwa asilimia 18. Kikiona nuru nyingi hupunguza. Kikiona kidogo huongeza. Kamera za siku hizi hugawa picha katika sehemu nyingi na hata kutafuta nyuso, na kwa hiyo hukosa mara chache zaidi, lakini msingi ni ule ule.

Baada ya hayo wanachuo wasahihishe. Kamera ina kitufe au gurudumu lenye alama za kujumlisha na kutoa. Hatua moja ya kujumlisha huongeza nuru maradufu. Hatua moja ya kutoa huipunguza hadi nusu. Karatasi ihitajiwe hatua moja au mbili za kujumlisha, ubao vivyo hivyo kwa kutoa, na darasa liendelee kupiga na kutazama mpaka karatasi iwe nyeupe na ubao uwe mweusi. Kioo cha nyuma kisiaminiwe sana, hasa juani. Kamera nyingi huweza kuonyesha grafu ya nuru, na mwanachuo aliyefundisha grafu katika hisabati ataona mara moja jinsi kilima kinavyohama kutoka katikati.

Jaribio hili halikuwezekana kwa urahisi zamani. Mkanda wa filamu ulikuwa na picha 36, na matokeo yalingoja maabara. Hata kamera ya kwanza ya dijitali, iliyoundwa na Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975, ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Leo jibu hupatikana papo hapo, na hiyo ndiyo faida kubwa ya chombo hiki kwa mwalimu. Hatari yake nayo ni ya papo hapo: mwanachuo hupiga picha mia asitazame hata moja. Sisi huwawekea kikomo cha picha sita kwa kila jaribio.

Kutoka ubaoni hadi usoni

Mwanachuo aliyeona karatasi nyeupe ikigeuzwa kijivu hawezi tena kusema kuwa kosa ni la ngozi. Kilichopoteza uso wa mtoto ni dirisha: kipimo kiliona nuru nyingi, kikaipunguza kwa wote. Ajaribu kinyume chake pia. Mwenzake asimame mbele ya mlango wa chumba chenye giza, na picha itaonyesha uso uliopauka kama uliopakwa majivu, maana safari hii kipimo kimeongeza kupita kiasi. Mtu ni yule yule. Lililobadilika ni lililo nyuma yake.

Hata hivyo, tusimdharau mwanachuo anayetia shaka. Aliyesikia kuwa filamu za rangi zilimpendelea mtu mweupe hakudanganywa. Kwa miaka mingi kadi ambazo maabara zilitumia kusawazishia rangi zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, na ni katika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Wastani huchaguliwa na watu. Mada hii yafaa kipindi kizima cha mjadala, nasi tungeshauri walimu wa historia waalikwe.

Dawa ya dirisha ni mbili. Ya kwanza haina kitufe: ama mtoto ageuzwe alielekee dirisha, ama mpigapicha ahame. Ya pili ni kujumlisha hatua moja au zaidi na kuliacha dirisha liungue liwe jeupe tupu, kwani hatukuja kupiga dirisha. Wanachuo huiona hii kuwa ni uharibifu. Waulizwe: picha hii ni ya nani?

Ni baada ya hapo tu ndipo tungeingiza mambo matatu yanayotawala nuru, yaani ukubwa wa tundu la lenzi, muda ambao pazia hubaki wazi, na kiwango cha ISO. Muda hauwasumbui wengi, kwa kuwa 1/125 ya sekunde na 1/250 huonyesha nusu waziwazi. Tundu ndilo huwakwaza, kwa vile f/8 ni dogo kuliko f/4. Mwalimu atumie hesabu: lenzi ya milimita 50 ikigawanywa kwa 4, kipenyo ni milimita 12.5, ikigawanywa kwa 8 ni milimita 6.25. Kipenyo kikiwa nusu, eneo huwa robo, na ndiyo sababu kati ya namba hizo mbili kuna hatua mbili, f/5.6 ikiwa katikati. ISO iachwe kamera iichague mpaka juma la tatu.

Kamera moja, wanachuo arobaini

Idadi isiwe kisingizio. Wakati kikundi kimoja kina kamera, wengine wasimame karibu na dirisha, kila mmoja akinyoosha ngumi yake na kuigeuza polepole, akitazama vifundo vinavyopata mwanga na vinavyoingia kivulini. Kisha wafanye hivyo kwa uso wa mwenzao na kuchora walichoona. Zoezi hili halina gharama, na anayelifanya hushika kamera akiwa tayari anajua atasimama wapi.

Kabla ya kwenda shuleni, ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wazazi ipatikane. Picha inayomtambulisha mtoto ni taarifa yake, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Katika kupima maendeleo, kila mwanachuo alete picha mbili za mwenzake zilizopigwa mahali pamoja, moja kabla ya kusahihisha na nyingine baada yake, pamoja na maelezo ya alichobadilisha na sababu yake. Alama zaidi zitolewe kwa maelezo kuliko kwa uzuri wa picha. Wanaomaliza mapema wapewe kazi ngumu zaidi: mwenzao mwenye shati jeupe asimame mbele ya ubao ulioandikwa, na shati, uso na maandishi vyote vionekane. Hatujapata bado kikundi kilichoimaliza kazi hiyo kwa kipindi kimoja.